Kontere ya kilometa haijue ambuteyaji: sasa mi nahesabu masaa ya motere

Siku ya posho (jumamosi) moja asubui nilifungua kapo juu ya kuongeza tu maji ya kusafisha kioo, nikasema acha nifungue na bushoni (kifuniko) ya mafuta ya motere niangalie mule ndani mara moja, na chini ya ile bushoni nikakuta kitu kama chai ya maziwa imeganda. Rangi ya kahawia nyeupe, laini kwa kidole, inanuka esanse. Moyo ilinipiga kabisa. Hii gari njo inapelekaka batoto kwa masomo, njo inatufikishaka kwa kazi mi na bibi yangu, na siku maji ya robine imekatika njo inabebaka na mabidoni. Hatuna ingine.

Nikaipeleka kwa garaji moja ya karibu. Yule fundi hakuchukua hata dakika tano, aliangalia bushoni, akatingisha kichwa, akasema joenti ya kilasi (ile inazibaka kati ya kichwa cha motere na mwili wake) imekufa, maji inaingia mu mafuta, tutafungua motere, ni dola 280 bila kuhesabu vile vipande tutakuta vimeharibika ndani. Nikamwambia anipe siku mbili nitafute pesa. Nilirudi nyumba na gari polepole kama mutu anabeba mayai, na ile usiku sikulala, nilikuwa nahesabu tu nitakopa kwa nani.

Kesho yake, mbele ya kukopa, nikapita kwa mzee moja wa kule Ndosho alirekebishaka magari ya papa yangu zamani, sasa amezeeka hafungue tena motere lakini watu wanaendaka kumuuliza. Hakushika hata ufunguo. Aliniuliza maulizo. Maji ya radiatere inapunguka? Nikasema hapana, ni miezi sijaongeza. Moshi nyeupe inatoka nyuma hata motere ikiwa ya moto? Hapana. Akavuta joji (kile chuma cha kupimia mafuta ya motere), akapangusa, akarudisha, akavuta tena: kwa joji mafuta ilikuwa nyeusi tu, hakuna maziwa, lakini ilikuwa chini ya alama ya MIN. Akafungua radiatere (gari ilikuwa imelala, ilikuwa baridi, tafazali musifungue radiatere ya moto), akaniambia nianzishe, akaangalia kama kuna mapovu yanapanda. Hakuna. Njo akaniuliza ile ulizo yenye imenifanya niandike hii yote: mwanangu, hii gari unaendaka nayo wapi?

Nikamuelezea. Asubui natoka kwetu Kyeshero, napita masomo, naenda kwa kazi huko mjini upande wa Birere, magaribi narudi. Kilometa haifike 7 kwenda, na 7 kurudi. Akacheka kidogo, akasema joenti yako iko nzima, ni motere yako haipatake nafasi ya kupata moto, na mafuta yako umeisahau.

Mi sikuamini mara moja, juu nilikuwa najua kwamba niko mutu wa kufuata. Kwa kona ya kioo kulikuwa ile karatasi ndogo ya garaji imebandikwa, imeandikwa vidanje (kubadilisha mafuta ya motere) ingine kwa kilometa fulani, yaani 5.000 kuanzia ile ya mwisho, na mi kila mara naangalia kontere naona bado, bado, bado. Ilikuwa imetembea 2.940 tu. Kichwani mwangu nilikuwa bado na zaidi ya 2.000 ya kutumia. Lakini zile 2.940 nilikuwa nimezifanya kwa miezi munane.

Basi tuanze na ile maziwa, juu najua watu wengi hapa Goma wamefunguliwa motere bure kwa sababu yake. Esanse ikiungua inatoa maji. Watu wanashangaaka wakisikia lakini ni kweli, lita moja ya esanse ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji, inatoka kama mvuke kwa eshapema, njo maana asubui unaona matone inadondoka kule nyuma. Sasa segmenti (zile pete za pistoni) hazifunge asilimia mia, kidogo ya ule mvuke pamoja na esanse yenye haikuungua inapenya pembeni ya pistoni na inashuka kwa kartere (bakuli ya mafuta chini ya motere), inachangana na mafuta. Motere ikipata moto muzuri na ikikaa mu ule moto kwa muda, maji inageuka tena mvuke inafukuzwa, na esanse nayo inatoka. Lakini kama unatembea dakika chache, unazima, baridi, unaanzisha tena, unatembea, unazima, ile maji haina wakati wa kutoka. Inapanda inakutana na bushoni, pale njo pako baridi kushinda kote, inaganda pale na mafuta. Na Goma yetu iko kwa mita karibu 1.500 juu, asubui kunakuwaka na baridi, si Kindu hapa.

Ukikuta maziwa kwa bushoni tu, na maji ya radiatere haishuke, na joji iko safi, usikimbilie kufungua kilasi. Ukiikuta na kwa joji pia, ama radiatere inakunywa maji, ama mafuta inapanda yenyewe kwa joji, hapo njo joenti inaweza kuwa, na usiendelee kutembea nayo.

Tulifanya vidanje ileile siku. Mzee aliniambia nitembee kwanza mupaka Sake na kurudi, kama kilometa 50 yote, lakini mbele ya kwenda niongeze mafuta kidogo ifike katikati ya MIN na MAX, juu ya kutoenda bara bara na joji iko chini. Nilienda bila kukimbia, ile vumbi yetu munaijua, nikarudi, tukaimwanga ingali ya moto. Motere yangu ni ya lita 1,5, inakunywaka lita 3,7 ukibadilisha na filtri. Tukapima ile ilitoka. Ukitosha ile nilikuwa nimeongeza, ilibaki haifike lita 3. Nyeusi, nyepesi kama maji kwa vidole lakini na vipande vipande vizito vinabaki kwa chini ya bakuli, na harufu ya esanse. Nilisimama pale naiangalia nikaona aibu ya kweli. Hii kitu njo ilikuwa inalainisha vilebreke yangu (kile chuma pistoni zinazungusha) kwa miezi yote.

Sasa hapa njo maneno yenyewe. Kwa nini sisi wote tunahesabu kilometa?

Mu nyumba yetu tuko na grupu kidogo ya esanse, kama nyumba mingi za Goma, kwa siku umeme haiko. Grupu haitembee. Haina kilometa hata moja. Na bado kila mutu anajua grupu inafanyiwa vidanje, karatasi yake inasema ya kwanza baada ya saa 20, kisha kila saa 100 ama kila miezi 6. Hakuna mutu anakuja kusema grupu yangu haijatembea basi mafuta iko mupya. Lakini gari inasimama pale Signers inanguruma dakika 20 bila kusonga, na sisi tunasema kontere haijasonga. Motere haijue kama matairi inazunguka. Inajua tu kama inawaka.

Na mudogo yangu ni motari, anabebaka watu na moto (pikipiki), alinipita akili kwa hii jambo miaka mingi. Yeye hajawahi kunitajia kilometa, na kontere ya moto yake ilishakufa. Anahesabu ma siku za kazi. Moto yake inashika lita moja tu ya mafuta, motere inapozwa na upepo, anaanza saa kumi na mbili asubui anaacha usiku, anabadilishaka kila wiki mbili na hataki kusikia hadisi. Nilikuwa naona anaharibu pesa. Sasa nimeelewa anahesabu masaa, ni vile tu hajaiita masaa.

Nikachukua karne (daftari) ya mutoto nikafanya hesabu. Kwa siku motere yangu inawaka kama saa 1 na dakika 20, asubui dakika 40 na magaribi dakika 40, siku zingine zaidi. Siku 26 kwa mwezi, miezi 8, ni siku 208. Inatoka kama saa 277. Ukigawanya 2.940 kwa 277 unapata kilometa 10 na kidogo kwa saa. Kilometa 10 kwa saa! Njo mbio yangu ya katikati hapa mujini, na watu wa Goma hawatashangaa, munajua kutoka Entrée Président mupaka mujini saa ya watu kutoka kazi kunakuwaka namna gani. Sasa fikiria gari ingine inatembea barabara muzuri kwa 60 kwa saa. Ndani ya zile saa 277 ingefanya kilometa zaidi ya 16.000. Yaani mafuta yangu ilifanya kazi ya masaa sawa na ya mutu ametembea 16.000, na mi nikaangalia karatasi nikasema bado niko na 2.000. Na ile ya barabara muzuri hata haichoke sawa, juu motere inakaa mu moto muzuri na haizimwe kila saa.

Nimejifunza kugeuza sasa. Ukiambiwa 5.000, jiulize ni 5.000 ya mbio gani. Kwa 40 kwa saa ni saa 125. Kwa 10 kwa saa, saa 125 ni kilometa 1.250 tu. Naona watu watasema huyu anatia chumvi, kila 1.250 tutafilisika. Ngoja tutafika kwa pesa.

Kuna kitu ingine ilinigusa. Gari zetu nyingi hapa ni zile za volanti kuume zimetoka Japani, na mu tirware ya mbele mara mingi kunabakia kitabu cha Kijapani, wengi tunakitupa ama batoto wanachora ndani. Changu kilikuwa bado. Nikapiga picha kurasa moja moja, simu ikanitafsiria. Ni gari ya Toyota, na kitabu kinasema motere ya esanse isiyo na turbo ni kilometa 15.000 ama mwaka moja, ile inatangulia. 15.000! Mutu akisoma pale tu anafunga kitabu na furaha. Lakini kuna kolone ya pili pembeni, ya gari inatumika mu hali ngumu, na pale ni nusu, 7.500 ama miezi 6. Na hali ngumu ni gani? Wameziandika: barabara mbaya ya vumbi na mashimo, kupanda na kushuka milima, safari fupi fupi zisizopita kilometa 8 kila mara, kutembea polepole sana ama kusimama motere inawaka kwa muda murefu. Nilisoma nikaona kama yule mutu aliyeandika alikuwa ameketi pale Mutinga na kiti chake. Safari yangu ni kilometa 7. Vumbi iko. Polepole iko. Kusimama iko. Moja tu ya zile ingetosha kunitia kwa kolone ya pili, na mi niko na karibu zote.

Na angalieni ile neno «ama». Kilometa AMA miezi. Hakuna garaji hata moja ilishaniandikia miezi kwa karatasi ya kioo. Mafuta inazeeka hata gari imelala, juu ile maji na asidi zimo ndani zinaendelea kukula.

Vumbi yetu niseme kidogo. Hii muji imejengwa juu ya mawe ya volkano, ile ya mwaka 1977, ile ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 iliyopita katikati ya muji, ile ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Ile mawe ikisagwa na magari inatoa vumbi nyeusi yenye makali, si vumbi laini ya udongo. Ikipita filtri ya hewa iliyochoka inaingia kwa silinda, inachanga na mafuta, na mafuta inageuka kama msasa. Kwa hiyo mutu anabadilisha mafuta kila mara lakini filtri ya hewa ni ileile anaipigisha chini tu kutosha vumbi, huyo anafanya nusu ya kazi. Mi naifungua kila mwezi mu kiangazi. Na usiipulize na kompresere kutoka inje kwenda ndani, unasukuma uchafu ndani ya karatasi, puliza kutoka ndani, na ikichoka nunua ingine.

Watu wengi wanaamua na rangi. Wanavuta joji, wanaona nyeusi, wanasema imekufa, ao wanaona ingali ya asali wanasema iko muzuri. Rangi peke yake haisemi. Kwa motere ya mazuti (dizeli), mafuta inageuka nyeusi siku za kwanza kabisa, na ni kwa sababu inafanya kazi yake, inabeba masizi isibandame kwa motere. Na inaweza kuwa na rangi muzuri na imejaa esanse. Kuliko rangi, kunusa inasaidia, na kugusa kati ya vidole, kama unasikia mchanga mchanga.

Lakini kitu imenisaidia kushinda zote ni ile ya tone kwa karatasi. Unachukua karatasi nyeupe inayokunywa, mi natumia ile ya kuchuja kahawa, unatembea kwanza motere ipate moto, unazima, unavuta joji unaacha tone moja idondoke, unalaza karatasi ikauke usiku muzima, isishike meza kwa chini. Asubui unaangalia. Kama doa imesambaa sawasawa, katikati nyeusi inaendelea kupungua polepole mupaka inje, mafuta ingali na nguvu ya kubeba uchafu. Kama nyeusi imebaki katikati na mupaka wake umekatika kama shimo, na pembeni ni safi, mafuta haibebe tena, uchafu unaanza kubaki mu motere. Pete kubwa ya inje yenye rangi ya manjano hafifu, shuku esanse. Kingo zenye meno meno, shuku maji. Si laboratware, lakini ukifanya kila mwezi na kuandika tarehe kwa karatasi, unaona namna inazeeka, na macho yako inajifunza.

Nilifanya hivyo kwa mafuta ya kwanza baada ya ile maziwa. Kwa saa 100 doa lilisambaa muzuri. Kwa saa 130 bado, lakini katikati ilianza kuwa nzito. Kwa saa 160 kulikuwa tayari ule mupaka. Kwa hiyo kwa gari yangu na kwa hii barabara yangu, nimekata: saa 130, ama miezi 4, ama kilometa 4.000 kama nimesafiri, ile inatangulia. Kwa kawaida miezi 4 na saa 130 zinafika karibu pamoja. Wewe gari yako inaweza kusema mengine, mutu anaishi Katindo anafanya kazi Katindo anatembea dakika 8 kwa siku, masaa yake ni kidogo sana lakini motere haipate moto hata siku moja, huyo ahesabu miezi, asihesabu masaa. Na siku ya yenga (jumapili) aitoshe kidogo, nusu saa bila kusimama, ikauke ndani.

Joji. Tafazali. Gari ya kawaida kati ya MIN na MAX ni kama lita moja, kwa hiyo ukiwa kwa MIN kwa motere ya lita 3,7 umepoteza zaidi ya robo. Na ile iliyobaki inafanya kazi ya yote, inazunguka haraka zaidi, inapata moto zaidi, inazeeka mbio. Mi naangalia kila siku ya posho asubui mbele ya kuanzisha. Hapa kwetu shida ni pa kusimamisha gari, parsele zetu ni mawe ya volkano juu chini, ukisimama na pua imeinama joji inakudanganya, nimeweka alama ya rangi kwa sehemu moja ya sima mbele ya lango penye ni sawa, naegeshaka pale kila ijumaa magaribi. Na ukiongeza usipite MAX ukisema nimeizidishia kidogo ishibe, vilebreke inaweza kuanza kuipiga mafuta ikatoa povu, na povu hailainishe kitu.

Na ile taa nyekundu ya tablo, yenye mufano wa kibuyu cha mafuta. Hiyo si taa ya kukumbusha vidanje! Nasema na sauti kubwa juu rafiki yangu mumoja wa taksi alipoteza motere kwa hiyo. Iliwaka akiwa na wateja, akasema itafika tu, nikishusha hawa watu nitapita kwa garaji nifanye vidanje. Ile taa inasema presha ya mafuta imepotea, yaani saa hiyo hiyo vyuma vinakulana bila kitu katikati. Haikufika. Ilianza kugonga, kusine (vile vyuma laini vinashikaka vilebreke) zikaenda, bieli moja (mukono wa pistoni) ikafuata. Ukiona imewaka na motere inazunguka, zima pale uko, hata katikati ya barabara, hata watu wapige oni.

Mafuta gani? Hapa kuna mabishano mengi nitaenda mbio. Kitabu changu kinataka nyepesi, 5W-30. Fundi wengi wanakuuzia 20W-50 wakisema mafuta nzito njo inalinda, joto ya Afrika. Goma haina ile joto. Namba ya kwanza inasema namna inatembea ikiwa baridi, ile ndogo inapanda juu haraka asubui, na asubui ya kwanza njo motere inaumia kushinda. Namba ya pili ni unene wake kwa moto wa digri 100. Kama motere yako imezeeka inakula mafuta, kupanda kwa 10W-40 naelewa. Kutoka 5W-30 kuruka kwa 20W-50 mi sitaki. Kisha angalia nyuma ya bidoni herufi za API (alama ya kiwango cha mafuta): ile inaanza na S ni ya esanse, ya C ni ya mazuti, na herufi ya pili ikienda mbele ni mupya zaidi. SN ilitoka 2010, SP 2020. Kuna bidoni za bei chini zinaandikwa SF, na SF ilikuwa ya magari ya miaka ya 1980. Inaweza kuwa mafuta ya kweli kabisa na ikawa si ya gari yako.

Na ya uongo iko. Niliuziwa mara moja, bidoni muzuri na rangi muzuri, kifuniko kilikuwa kimefungwa na gundi, na mafuta ilinuka kuungua. Sasa nanunua ile bidoni pete ya kifuniko inavunjika mbele yangu, sinunue ya kupimiwa kwa chupa ya maji, na nikimaliza natoboa bidoni na kisu mbele ya kuitupa, juu zile bidoni tupu zinaokotwa zinajazwa tena. Filtri nabadilisha kila mara. Ukiacha ya zamani kwa motere yangu inabaki na lita 0,3 ya mafuta chafu, unachanganya mupya na ile uchafu siku ileile.

Pesa sasa. Bibi yangu njo anashika hesabu ya nyumba na alikuwa na haki ya kuuliza, miezi 4 ni mara tatu kwa mwaka, mbele tulikuwa tunafanya moja, ama moja na nusu. Bidoni na filtri vinanitokea dola 32, kazi nafanya mwenyewe. Mara tatu ni 96. Nikamuonyesha bei nilipewa ya motere ya okazio, dola 850 bila kuiweka, na hujui huyo wa kwanza alikuwa anaitunza namna gani. Aliangalia karne, akaniuliza kwa nini siandike na siku yeye anaendesha, juu masaa yake sikuwa nimehesabu. Alikuwa na haki. Sasa karne iko mu tirware na biki imefungwa na kamba, kila mutu akizima anaandika dakika.

Kitu ya mwisho ni ile mafuta chafu. Zamani watu walikuwa wanapakaza kwa nyumba za mbao juu ya muchwa, na bado wanapakaza, na wengine wanamwaga tu nyuma ya parsele. Hapa chini yetu ni mawe yenye matundu, kitu unamwaga hakibaki juu, kinashuka, na maji inashuka kwa ziwa, na ziwa njo tunakunywa. Mi naweka mu bidoni naipelekea mutu wa garaji anaikusanya mu ma fito (mapipa). Na musiiache ikae kwa mikono, wala musipake mutoto kwa kidonda kama nilishaona, ile iko na sumu.

Leo kwenye karne kuna saa 118 na dakika 35. Bushoni niliifungua asubui, chini yake ni kavu, nyeusi kidogo, hakuna maziwa. Bidoni mupya iko chini ya kitanda, na doa la usiku wa leo nimelilaza juu ya friji.